Herufi Mbili za Chaki

Asiyekuwepo na lake lipo. Najua wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakuwahi kununua bando. Wangenunua, wangegundua kwamba mtandao unaweza kukosekana tangu asubuhi mpaka jua linazama, na lake likawepo palepale: limekatwa, limeliwa, na ujumbe wa kukushukuru kwa kuwa mteja mwema umeshaingia.

Hiyo hela ya bando, niseme mapema, ingenunua kadi moja ya vifungo, tena si vile vya kung'aa. Sikuifuata kwa sababu ya njaa. Niliifuata kwa sababu ya Mama Mkato.

Mama Mkato ni mhariri mkuu wa kampuni ya vitabu vya shule. Wanamwita hivyo kwa sababu akiongea unaisikia alama ya mkato kabisa, anatua hapo, anapumua, kisha anaendelea. Alikuwa anatafuta msomaji prufu, mtu wa kuwinda makosa kabla kitabu hakijachapwa, na mimi nilikuwa natafuta kazi hiyo tangu siku nilipopata stashahada yangu ya Kiswahili. Wakati wote huo nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, fundi cherehani, nikishona vifungo na kusahihisha kimyakimya maandishi ya mifuko ya nailoni. Mama Mkato aliteleza bafuni, mguu ukafungwa plasta, hivyo usaili akaufanyia nyumbani kwake, kwa simu ya video.

Nilijiandaa kama bibi harusi. Nilitundika shuka jeupe ukutani kuficha magauni ya watu. Lile sanamu la kuvishia nguo, lisilo na kichwa, nikalipeleka nyuma ya mlango lisije likadhaniwa ni ndugu. Shangazi akasimamisha cherehani, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Mama Mkato akatokea kwenye kioo, akanisalimia, akauliza swali la kwanza.

"Kuwepo, au kuwapo?"

Kwa wasio wa kazi yetu, hilo ni swali la kufa na kupona. Kuna wahariri waliokosana kwa ajili ya irabu hiyo moja mpaka hawakopeshani kalamu. Mimi jibu nilikuwa nalo. Nililifuga miaka. Nikafungua mdomo, na mtandao ukaondoka.

Jioni nilipofanikiwa kumpigia, kwa simu ya shangazi yenye laini ya kampuni nyingine, alinieleza alichokiona.

"Nilikuuliza swali, ukaachama. Jicho moja wazi, jingine nusu. Nikainuka, kwa magongo, nikachemsha chai, nikanywa, nikarudi, bado umeachama."

"Mama, mtandao ulikata."

"Siku hizi, kila asiyejua jibu, mtandao umekata. Asiyekuwapo, na lake halipo."

"Nifanye nini uniamini?"

"Kama ni kweli, watakurudishia hela yako. Kampuni ikirudisha, imekiri. Au mtu wao mmoja, kwa mdomo wake, aniambie hawakuwapo. Nakusubiri mpaka kesho jioni, baada ya hapo, namwita mwingine."

Kwa hiyo mnielewe. Nilichokwenda kudai ni neno. Neno moja tu, lenye kikanushi chake mbele.

"Nenda," shangazi aliniambia asubuhi, sindano zikiwa mdomoni, "lakini nenda na adabu. Mdomo wako mkasi, haubagui kitambaa. Na mdomo ndio ulioponza kichwa."

"Nitakuwa mpole, shangazi."

"Hata juzi uliniambia hivyo, ukaenda kumsahihisha mchungaji."

Niliondoka na gauni langu la kazini, chaki ya kukatia nguo ikiwa mfukoni kama siku zote.

Duka la kampuni lilikuwa la vioo, lenye baridi ya mashine na harufu ya zulia jipya. Viti vimeshikanishwa kama wafungwa. Ukuta mzima wa nyuma ulifunikwa na bango la buluu iliyokolea, na juu yake, kwa herufi nyeupe za urefu wa mkono, POPOTE ULIPO, TUPO. Mlangoni alisimama mlinzi wa makamo, mguu mmoja ndani ya duka na mguu mmoja kwenye ngazi za nje, kama mtu aliyeshindwa kuamua.

"Karibu, binti," alisema. "Ukiingia, chunga maneno."

"Maneno gani, mzee?"

"Utaona mwenyewe."

Nikaenda kaunta. Dada aliyekuwa hapo alikuwa na tabasamu lililopigwa pasi.

"Habari za kazi, dada?" nikasema.

Kengele ikalia darini. Wafanyakazi wote wakaacha walichokuwa wakifanya, wakasimama, wakaweka kiganja kifuani, wakaligeukia bango, wakalisoma kwa pamoja, polepole, "Popote ulipo, tupo." Kisha wakaketi. Mmoja alikuwa katikati ya kupiga chafya. Ilimbidi aimalizie baada ya kuketi.

"Nimefanya nini?" nikanong'ona.

"Umenisalimia," dada wa kaunta alisema kwa huruma. "Naomba mara nyingine unisalimie kwa njia tofauti."

Nikarudi mlangoni. Mlinzi alinivuta mpaka ngazi ya nje ndipo akanieleza. Makao makuu yalikuwa yamefanya utafiti, yakagundua kwamba wateja huumizwa na ukanushaji. Mteja akiambiwa haupo, huna, hatuna, moyo wake unasinyaa. Basi ikapigwa marufuku kukanusha ndani ya duka. Na ili amri ishike, wakafunga kidude darini kinachosikiliza mwanzo wa kila neno. Neno likianza na ha, hu au si, kengele inalia, na wote wanasimama kujitakasa.

"Lakini mzee, maneno mengi yanaanza hivyo na hayakanushi kitu. Harusi. Hundi. Siafu."

"Kidude hakikwenda shule, binti. Kina masikio tu. Kwake harusi na hakuna ni ndugu." Akacheka. "Hili ni duka la simu, na humo ndani simu haitajwi. Wanaiita kifaa. Huduma kwa wateja wanaiita ile kazi. Siku wanaita tarehe. Kuna mmoja alicheka, ha ha ha, wakasimama mara tatu."

"Na wewe mbona unakanusha?"

"Mimi si wao. Mimi ni wa kampuni ya ulinzi. Naruhusiwa, mradi mguu mmoja uwe nje, kidude kinasikia ndani tu."

Sikumwamini mpaka nilipoona. Mtu mmoja aliingia akauliza, "Mna chaja ya simu hii?" Kengele. Wakasimama, viganja vifuani, popote ulipo tupo, wakaketi. Dada wa kaunta akamtazama mlinzi. Mlinzi, kutoka mlangoni, akasema, "Hakuna." Yule mtu akashukuru, akaenda zake. Mlinzi ndiye aliyekuwa hapana ya duka lile.

Kisha akaingia bibi mmoja na kitambaa kichwani, mstaarabu, mkoba kwapani. "Hamjambo, wanangu?"

Kengele, viganja, bango. Walipoketi, dada wa kaunta ikabidi ajibu salamu. Mnajua jibu letu linavyoanza. Akahangaika na macho, kisha akasema, "Tuna jambo, mama."

Bibi akakaa kitini taratibu, mkono shavuni. "Jambo gani tena, jamani? Nani ametutoka?"

"Wote wazima, mama."

"Unanificha. Nimelea, namjua mtoto anayeficha. Ni nani?"

Hawakuweza kumwambia hakuna. Walimletea maji. Walimwambia kila mtu anapumua, na hilo likamwogopesha zaidi. Mwishowe mlinzi akasema kwa sauti kutoka kwenye ngazi, "Hakuna aliyekufa, mama," na bibi akafuta machozi, akaondoka bila kukumbuka alichofuata.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama pini kwenye mto.

"Dada, nataka mnirudishie hela ya bando. Jana asubuhi mtandao wenu ulitoweka."

"Pole sana. Kulikuwa na changamoto."

Hapo nilikumbuka adabu, nikahesabu vifungo kichwani. Changamoto ni neno zuri lililoajiriwa kazi chafu. Asili yake ni kuchangamka. Daraja likianguka, changamoto. Mshahara ukiliwa, changamoto. Mimi niliyekaa nimeachama mbele ya Mama Mkato mpaka chai ikachemka, sijui nilichangamshwa na nini.

"Niulize kwa wepesi," nikasema. "Mtandao jana ulikuwepo, au ulikuwa kwenye ule upande mwingine?"

"Ulikuwepo. Ila ulikuwepo kwingine."

"Wapi?"

"Mbele kidogo."

"Mbele ya nini?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Mbele ya wewe."

"Kwa hiyo pale nilipokuwa mimi, ulikuwepo?"

Akamtazama mlinzi. Mlinzi akasema, "Haukuwepo."

Nikamkimbilia mlangoni. "Mzee, nakuomba, mpigie mtu mmoja umwambie hilohilo."

"Ningekusaidia, mwanangu, lakini mimi si mtu wao. Hapana yangu ni ya kukodi."

Nikarudi kaunta. Dada alikuwa ameshanifungulia ukurasa wa marejesho kwenye kompyuta, akanigeuzia niuone. Uliuliza, Je, mtandao ulikuwepo? Chini yake palikuwa na vitufe vya kuchagua. Kimoja kilisema Ndiyo. Kingine kilisema Ndiyo Sana.

"Ukibonyeza Ndiyo," dada alisema, "kinakupongeza."

"Na Ndiyo Sana?"

"Kinakupongeza kwa muziki." Akaona uso wangu. "Naweza kukupa mwavuli."

"Wa nini?"

"Wa kampuni."

"Mwavuli utamwambia mtu jana mlikuwa wapi?"

"Ni mwavuli mzuri," alisema kwa unyonge, akauweka mbele yangu.

Nilimhurumia. Alikuwa rika langu, kope zimechoka. Nikamsogelea sikioni. Kama kuna kitu nilichokipata chuoni kikanilipa, ni kile nilichomwambia pale.

"Dada, kidude chenu kinasikia mwanzo wa neno tu. Kiswahili kina mlango wa nyuma. Sema 'mtandao usiokuwepo'. Kikanushi kimejificha katikati, kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Dari litasikia u, litaendelea kulala."

Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa dirisha ndani ya kabati.

"Usi," alijaribu, kwa sauti ya chini. Dari likanyamaza. "Usi-o." Macho yakamjaa maji. "Mwezi mzima, dada. Nyumbani mume wangu akiuliza kama chumvi ipo, namwambia iko njiani. Juzi mwanangu ameniuliza kama kuna jini chini ya kitanda. Nikamwambia jini yuko mbele kidogo."

"Basi nikupigie mtu, umwambie hilo tu. Jana ulikuwa mtandao usiokuwepo."

"Jana," alianza, "ulikuwa mtandao usi..."

Mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka meneja. Tai imekaza, tabasamu limekaza zaidi.

"Kuna jambo?"

"Kuna changamoto," dada akasema haraka, akafuta macho.

Nikamweleza meneja tangu shuka jeupe mpaka magongo ya Mama Mkato, nikikwepa maneno kama anayevuka barabara yenye matope. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa kukubali, kwa maana hata kichwa chake kilikuwa kimezuiwa kwenda kushoto na kulia.

"Dada yangu," alisema, "mtandao wetu upo daima. Pengine wewe ndiye uliyekuwa mbali nao."

"Nilikuwa sebuleni kwa shangazi."

"Basi sebule ndiyo iliyokuwa mbali. Mshauri shangazi yako aisogeze." Akanyoosha mkono kulionyesha bango, kama baba anayemwonyesha mtoto mwezi. "Maneno yetu yapo wazi." Kisha akarudi ofisini kwake, taratibu, bila wasiwasi wa mtu yeyote duniani.

Nikaligeukia bango. Ninyi mnaosoma vitabu mnaona maneno. Mimi naona nafasi kati ya maneno. Aliyelichapa bango lile alikuwa ameacha nafasi kubwa baada ya mkato, uwazi wa buluu tupu kabla ya TUPO, kama kiti kilichowekewa mgeni aliyechelewa. Mkono wangu ukaingia mfukoni, ukaikuta chaki.

Nikapanda juu ya kiti. Nikaandika H, kisha A. Sikuchora ovyo, niliziandika kwa kipimo, mistari imenyooka, urefu sawa na wenzao, jinsi ninavyochora bega la koti. Nikashuka, nikarudi nyuma kuangalia kazi yangu.

POPOTE ULIPO, HATUPO.

Sikufuta chochote. Nilisahihisha tu. Mlinzi alivua kofia mlangoni.

"Sasa limekaa sawa," alisema.

Meneja alitoka tena, nadhani alivutwa na kimya. Akalisoma bango. Midomo yake ilianza kulitamka lile neno, ikasita njiani, ikafunga.

"Nani ameandika..." alisema. "Nani ameongeza hizo..."

"Mimi," nikasema. "Nimeongeza nini, meneja? Soma kwa sauti."

"Hizo herufi."

"Ni chaki. Ukipitisha kiganja inatoka."

"Bango ni mali ya makao makuu. Kuligusa kunataka kibali. Kibali kiko njiani." Shingo ilikuwa imemvimba juu ya tai. "Wewe utaomba radhi. Mbele ya wafanyakazi wote. Nani anayekujibia? Baba? Mume? Bosi? Nipe namba yake."

Nilimfikiria shangazi. Shangazi angeomba radhi kwa niaba yangu kabla salamu haijaisha, na angeongeza kumshonea meneja suruali bure. Kisha nikamfikiria mtu mwingine, nikamwandikia meneja namba yake, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa upole ambao shangazi angejivunia.

Meneja akabonyeza kwenye simu yake. Akaitazama. Akaiinua juu ya kichwa, akaenda nayo dirishani, akasimama kwa ncha za vidole.

"Kifaa changu kina changamoto," alisema.

Mlinzi akatoa kutoka mfuko wa shati simu yake ndogo ya vitufe, ya laini ya kampuni nyingine, akampa. "Tumia hii, meneja. Hii ipo."

Ilikuwa simu ya zamani, kile kispika cha sikioni kilishakufa. Ukitaka kusikia lazima iongee kwa sauti kubwa na mtaa wote usikie. Ikaita mara moja.

"Naam," ilisema sauti ninayoijua. "Nani, mwenzangu?"

"Ni meneja wa kampuni ya vifaa, mama."

"Vifaa, gani?"

"Vya... vya kuongelea. Mama, kuna binti mmoja yupo dukani kwangu, amekutaja wewe. Ameharibu bango letu."

"Ameliharibu, namna gani?"

"Ameliandika kwa chaki."

"Ameandika, nini?"

"Ameongeza herufi mbili."

"Zipi?"

Meneja alilegeza tai. "Ya kwanza ni ile... inayofuata G kwenye alfabeti. Ya pili ni A."

"Bwana," alisema Mama Mkato, "mimi ni mhariri. Mambo ya vipandevipande, yananiumiza kichwa. Nisomee bango lote, kama lilivyo, pamoja na alama zake."

Mtu akiamriwa na mhariri asome kama lilivyo, anasoma kama lilivyo. Nimeona maprofesa wakifanya hivyo. Jasho lilimtoka meneja chini ya baridi yote ile ya mashine.

"Linasomeka," alisema. "Popote ulipo..."

"Mkato?"

"Mkato." Akafumba macho. "Hatupo."

Kengele ikalia.

Wafanyakazi wakasimama. Viganja vikaenda kifuani. Wakaligeukia bango na kulisoma, kwa maana amri ya makao makuu ilisema lisomwe pale lilipo na kisitegemewe kichwa cha mtu, vichwa hukosea.

"Popote ulipo, hatupo."

Kengele ikalia. Hawakuwa wameketi bado. Wakalisoma tena.

"Popote ulipo, hatupo."

Kengele.

Mwanzo walisoma kwa hofu, wakiibana sauti. Baada ya kidogo walipatana. Yule wa chafya akaingia na sauti nzito ya chini, mwingine akaanza kugonga kaunta kwa kalamu. Dada wangu wa tabasamu la pasi aliinua kidevu, akafungua mdomo wote, machozi yakimtiririka, akakanusha kwa mapafu yake yote. Hatupo. Chumvi yote iliyokuwa njiani mwezi mzima ilikuwa ndani ya neno lile. Hatupo. Watu wa barabarani walianza kubandika nyuso kwenye vioo.

"Hapana," meneja alisema. Kengele. "Siyo hivyo." Kengele. "Hebu nyamazeni. Harakisheni. Simamisheni kitu hiki." Kila alichokijua kilianza na herufi zile. Alizunguka katikati ya duka kama nzi ndani ya chupa, simu ya mlinzi mkononi, na kwenye simu ile, wazi kabisa, tulikisikia kijiko kikikoroga chai.

Mlinzi ndiye aliyeokoa. Aliuangalia mguu wake wa nje, akauinua, akauingiza ndani, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe nadhani, akaenda ukutani akachomoa waya.

Wafanyakazi wakashusha viganja, wakaketi.

"Bado nipo," Mama Mkato alisema. "Nimemsikia meneja, nimelisikia na duka zima, kwa mdomo wao, tena kwa sauti nne. Hawakuwapo. Binti, yupo?"

"Nipo, mama."

"Kesho, saa nne, njoo kwangu, kwa miguu yako. Lile swali, ulifikirie. Na usiachame." Akakata.

Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Dada wa kaunta hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameketi, anaongea peke yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja vyungu vya mwenzake.

"Hapana," alisema. "Sina. Hakuna. Hakuna jini." Kisha akanigeukia, bila lile tabasamu, na uso wake ulikuwa mzuri zaidi. "Haukuwepo, dada. Jana mtandao haukuwepo. Wala juzi."

Meneja alimrudishia mlinzi simu yake. Alijipangusa shingo, akarudisha tai mahali pake, akachukua kitambaa cha kufutia meza, akanitolea kwa mkono ulionyooka.

"Tuyamalize kiungwana," alisema. "Hela yako nitaidhinisha irudi sasa hivi, mimi mwenyewe, na bando jingine juu yake. Sharti ni moja. Panda kwenye kile kiti, futa ulichoandika, na uombe radhi."

"Yaishe, binti," mlinzi alisema pembeni, bila kusadiki sana alichokuwa akisema. "Neno moja tu."

Nilijua shangazi angesema vilevile. Nilimsikia kabisa, na sindano zake mdomoni: anayeomba radhi hapungukiwi kitu. Nikakitazama kile kitambaa. Nikalitazama bango. HA yangu ilikuwa imenyooka kuliko TUPO yao.

"Kitambaa hicho mpe aliyeliandika lile la kwanza," nikasema. "Uongo ulikuwa wenu, na ulikuwa mrefu ukuta mzima, mimi nimeuongezea herufi mbili ukawa kweli. Hela kaeni nayo. Mwavuli wenu huu hapa. Bando mtalikuta mbele kidogo. Na radhi siombi. Si kwako, si kwa makao makuu, wala kwa kidude chenu. Mzee, rudisha waya ukutani, nataka na dari lisikie."

Mlinzi akachomeka.

"Siombi."